Motokari Inapozimika Mvuani



Wengi wenye motokari za zamani hutuuliza: kwa nini mashine huzimika mvua inyeshapo, na jua likitoka huwaka tena?

Baba mmoja wa jamaa mtaani petu alikuwa akimpeleka mkewe hospitali usiku, maana siku za kujifungua zilikuwa zimetimia. Mvua ilikuwa kubwa. Walipofika bondeni mashine ikakohoa mara mbili, ikazimika. Kwa hasira akamgeukia kijana anayemsaidia kazi: «Umeuza esansi yangu, ukatia maji!» Akamfukuza palepale, mbele ya watu waliokuja kusaidia. Watu hao walimfikisha mama hospitali, akajifungua salama. Lakini kijana alirudi kwao na jina la mwizi.

Asubuhi tuliitazama mashine pamoja na baba yule.

Mashine ya esansi yahitaji cheche kwa wakati wake. Betri ya motokari za namna hii hutoa volti 6 au 12 tu. Bobini huuongeza umeme huo hata kufikia maelfu ya volti. Kisha delko huugawa kwa zamu, kila buji ikapata sehemu yake. Basi atafutaye hitilafu afuate njia hiyo hiyo ya umeme.

Kwanza hakikisha hakuna esansi iliyomwagika, isije ikashika moto. Chomoa kwenye delko waya mnene utokao katika bobini. Ushike kwa koleo lenye mipini mikavu ya mpira, ncha yake ikaribie chuma cha mashine, na mwenzako azungushe ufunguo. Cheche kali ya buluu ikiruka, bobini inafanya kazi. Isiporuka, tazama platine ndani ya delko. Zikiwa chafu au zimeungua kidogo, zisafishwe, kisha nafasi yake ipimwe zinapofunguka kabisa: katika Volkswagen za zamani zenye mashine nyuma ni milimita 0,4. Zikiungua tena upesi, ishuku kondensa.

Kwetu sisi cheche ilitoka kwenye bobini, lakini haikufika kwenye buji. Hivyo hitilafu ilikuwa katikati. Tukaifungua kofia ya delko, tukaipangusa, tukaona ufa mwembamba kama unywele, umeingia maji. Umeme ulikuwa ukipotelea humo. Tukaikausha kofia, mashine ikawaka. Hata hivyo ilibidi kununua kofia mpya, maana ufa hauponi kwa kukaushwa.

Na esansi? Tuliitia kidogo katika chupa ya kioo, tukaiacha itulie. Kama ingekuwa na maji, yangeonekana chini. Halikuwamo hata tone.

Baba yule alinyamaza kitambo. Kisha akaenda kwa miguu hadi kwa wazazi wa kijana, akaomba radhi mbele ya watu wale wale waliosikia neno lile la usiku.

Wazazi na wanafunzi, wekeni kitambaa kikavu katika motokari. Tena tukumbuke amri ya nane: yatukataza kumshuhudia jirani uongo, hata tukiwa na hofu, usiku, mvuani.