Tuliulizwa Rangi ya Mabenchi

Wiki mbili zilizopita nilihudhuria mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu uendelezaji wa bustani ya jiji kwa njia ya ubia baina ya sekta ya umma na sekta binafsi. Sitaitaja halmashauri husika, kwa kuwa sikusudii kumshitaki ofisa mmoja. Nakusudia kuushitaki utaratibu. Mkutano uliitishwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Tangazo lilibandikwa katika ofisi ya kata siku tatu tu kabla. Hatukufika watu arobaini, na wengi wa waliokaa mbele walikuwa watumishi wa halmashauri hiyo hiyo.

Tulioneshwa michoro ya kupendeza: mgahawa, maegesho ya magari, jukwaa la matamasha, uwanja wa michezo ya watoto. Kisha tukaulizwa kama tungependa mabenchi ya mbao au ya zege, na yapakwe rangi gani. Mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi ameuza chai na vitumbua karibu na lango la bustani ile, alinyanyua mkono. “Mwanangu, na sisi tutakuwa wapi?” Ofisa akajibu kwa adabu: “Mama, hoja yako tumeipokea, ila leo tupo kwenye michoro.” Nami nikaomba kuiona rasimu ya mkataba. Nikajibiwa: “Mwalimu, hiyo ni siri ya kibiashara, na hata hivyo ipo kwa Kiingereza.” Tulichodokezwa ni kwamba muda wake ni miaka 30.

Hoja yangu ni moja. Mtu anayeulizwa rangi ya mabenchi baada ya wengine kukwisha kuamua nani ataishika bustani, kwa muda gani na kwa masharti gani, hajashirikishwa. Amefanywa shahidi wa jambo asilolijua, na saini yake katika orodha ya mahudhurio itatumika kesho kuthibitisha kwamba wananchi waliridhia.

Nisieleweke vibaya. Ubia wenyewe si dhambi. Halmashauri zetu hazina fedha za kutosha, na bustani isiyotunzwa hugeuka jaa. Tena tunao mfano wa fedha za nje kuihuisha bustani ya umma. Forodhani, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ikafunguliwa upya mwaka 2009. Jioni wauza mishikaki na maji ya miwa wapo, na vijana bado wanajirusha baharini kutoka ukutani. Lakini mfadhili yule hakuja kutafuta faida. Mwekezaji wa ubia anakuja kuitafuta, na ana haki ya kuitafuta. Ataipata katika kiingilio, katika kodi ya vibanda, katika maegesho, katika kukodisha uwanja kwa harusi na matangazo. Kila chanzo kati ya hivyo kina mtu atakayekilipia, na mara nyingi ni yule aliyekuwa akiingia bure. Ndiyo maana nasema bustani imo katika mkataba, haimo katika mchoro. Mchoro unaonesha mti. Mkataba unasema nani atakaa chini yake.

Historia ya miji yetu inatutahadharisha. Uwanja wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, haukuachwa wazi na wakoloni kwa kutupenda. Ulikusudiwa kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wazungu na Wahindi. Ardhi ile tuliigeuza sisi wenyewe kuwa mahali pa kukutana, mpaka ukawekwa pale Mnara wa Mwenge wa Uhuru. Ingekuwa aibu kubwa iwapo nafasi za wazi tulizozinasua kutoka katika ubaguzi wa rangi tungezizungushia sasa uzio wa kipato.

Wala jirani zetu hawakupata somo hili bila gharama. Mwaka 1989, jijini Nairobi, ulitangazwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, kwa ajili ya chama tawala cha KANU na gazeti lake la Kenya Times. Mbia wa kigeni alikuwa tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Wangari Maathai aliandika barua kwa wakubwa wa nchi yake na kwa wakubwa wa nje, akiuliza kama jengo la namna ile lingeruhusiwa katika Hyde Park ya London. Alitukanwa bungeni, na shirika lake la Green Belt likafukuzwa katika ofisi zake. Hata hivyo wafadhili walirudi nyuma na mradi ukafa. Uhuru Park ipo mpaka leo kwa sababu mwananchi mmoja alikataa kujadili rangi ya jengo. Alihoji kwanza kama lilipaswa kuwapo.

Wapo watakaosema kwamba wananchi hawaji mikutanoni, na wakija hawaielewi mikataba. Watu hawaji kwa kuwa wamekwisha kujifunza kwamba kuja kwao hakubadili kitu. Ama kuelewa, yule mama wa chai aliuelewa mkataba kuliko sisi sote: aliuliza swali lake kuu katika maneno matano. Kama mkataba ni mgumu, ufafanuliwe kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha inayotosha kumhukumu mwananchi kifungo inatosha pia kumweleza ardhi yake inakwenda wapi.

Katiba yetu, ibara ya 8, inatamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka na kwamba watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Ibara ya 18 inawapa haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Mbia anayetaka kukabidhiwa mali ya umma kwa miaka 30 hawezi kudai usiri kana kwamba ananunua kiwanja cha mtu binafsi. Masharti ya mkataba yawekwe wazi kabla haujasainiwa: kiingilio, sehemu itakayobaki bure, hatima ya wachuuzi, na namna ya kuuvunja mbia akikiuka. Mikutano ifanyike jioni au mwisho wa juma, na kila hoja ijibiwe kwa maandishi, hata ile iliyokataliwa. Baada ya saini, maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu niliandika barua kuomba muhtasari wa mkutano ule. Nataka kuona kama swali la yule mama limeandikwa, na kama limeandikwa, limejibiwa nini. Nikipata jibu nitawaletea. Nisipolipata pia nitawaambia.