Jeni za Kurithi na Sahani ya Chaka

Mbuzi anayepelekwa soko la Chaka, Nyeri, hutengeneza vitamini C yake mwenyewe katika ini. Ng'ombe naye hufanya hivyo, na mbwa, na punda anayevuta mkokoteni wa maji. Anayemnunua mbuzi huyo hawezi. Binadamu wote wana jeni iitwayo GULO, ambayo kwa wanyama wengi ndiyo inayotoa kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kazi hiyo. Kwa binadamu jeni hiyo iliharibika makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, katika ukoo wa wanyama uliowazaa nyani na watu, na tangu hapo imerithishwa ikiwa mbovu kizazi baada ya kizazi.

Ubovu huo haumlazi mtu kitandani Chaka, kwa sababu viazi, kabichi, sukuma wiki na mapera vinapatikana mwaka mzima. Hujitokeza pale tu mtu anapokaa miezi kadhaa bila mboga wala matunda. Ndivyo ilivyowapata mabaharia waliougua kiseyeye, fizi zikavimba na vidonda vya zamani vikafunguka upya. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya Kiingereza Salisbury, aliwapa wagonjwa wawili machungwa na limau, nao wakapata nafuu upesi kuliko wenzao waliopewa siki, maji ya bahari na dawa nyinginezo. Jeni zao zilibaki vilevile. Kilichobadilika ni chakula.

Kwa hiyo kila mkazi wa Nyeri, awe na afya ya simba au awe mgonjwa, anaishi tayari na badiliko la kurithi linalogusa vitamini. Makala haya yanashikilia kwamba badiliko la aina hiyo halina maana kamili likisomwa peke yake. Lazima lisomwe pamoja na kile kinacholiwa, mahali kinapoliwa na wakati wa maisha ya mlaji. Hoja hiyo inahitaji kusemwa kwa sauti sasa, maana vipimo vya jeni vya kutema mate kwenye kichupa vimekuwa bidhaa ya kawaida ng'ambo. Mkenya anayeishi Boston au Dallas anaweza kupata orodha ya mabadiliko yake na kuituma nyumbani kwa simu, na ndugu zake wakaanza kujihesabu wagonjwa.

Jeni iliyovumishwa kuliko zote katika orodha hizo ni MTHFR. Kimeng'enya chake huigeuza foleti, yaani vitamini B9 iliyomo katika maharagwe na mboga za majani, iwe katika umbo ambalo mwili hulitumia kupunguza homosisteini, kemikali inayohusishwa na magonjwa ya moyo, katika damu. Mwaka 1995 watafiti wa Montreal, Kanada, wakiongozwa na Rima Rozen, walieleza badiliko la herufi moja katika jeni hiyo, mahali pa 677, ambapo C imekuwa T. Kila mtu hupata nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Aliyepata T pande zote mbili ana kimeng'enya kinachofanya kazi kwa takribani theluthi moja ya nguvu ya kawaida, na aliyepata T moja yuko katikati. Nchini Meksiko, kusini mwa Italia na kaskazini mwa China watu wenye T mbili ni wengi. Kusini mwa Sahara badiliko lenyewe ni haba, na kulipata kwa baba na kwa mama pamoja ni nadra sana.

Juu ya msingi huo mdogo limejengwa jumba kubwa la madai. Uchovu, mimba kuharibika, damu kuganda, huzuni, hata usonji, vyote vimebebeshwa MTHFR, na vidonge vya foleti ya aina maalumu vikauzwa kwa bei ya juu. Matokeo ya utafiti ni ya kiasi zaidi. Wenye T mbili wana foleti katika damu iliyopungua kwa wastani wa asilimia 16 hivi wakilinganishwa na wasio na T, na miili yao hutumia asidi ya foliki ya kawaida bila shida. Mwaka 2013 chuo cha wataalamu wa jenetikia ya tiba cha Marekani kiliwashauri madaktari wasiagize kipimo hicho kwa ajili ya damu kuganda wala kwa mimba zinazoharibika mara kwa mara. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2006, la HOPE-2 na la NORVIT nchini Norwei, yalionyesha kwamba vitamini B hushusha homosisteini kweli, lakini hazikupunguza vifo vya moyo.

Kuna jaribio moja lililotoa jibu tofauti, nalo linastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2015 watafiti wa China walitoa matokeo ya watu zaidi ya 20,000 wenye shinikizo la damu. Waliopewa asidi ya foliki pamoja na dawa ya presha walipata kiharusi cha kwanza pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko waliopewa dawa ya presha peke yake. China haikuwa na utaratibu wa kuongeza asidi ya foliki katika unga, na T ya 677 ni ya kawaida huko. Mahali ambapo unga umekwisha kuongezwa asidi hiyo, kidonge kilekile hakina pengo kubwa la kuziba.

Kenya iliingia kundi la nchi zinazoongeza mwaka 2012, sheria ilipowalazimu wasagaji wa unga wa mahindi na wa ngano kutia vitamini na madini, asidi ya foliki ikiwemo. Pakiti ya unga kwenye duka la Chaka iko chini ya sheria hiyo. Gunia la mahindi ya shambani linalosagwa kwenye posho mill ya kijijini hutoka kama lilivyoingia. Majirani wawili wa Kieni, eneo ilipo Chaka, wanaopika ugali kila jioni wanaweza basi kutofautiana kwa foleti zaidi kuliko T moja inavyoweza kuwatofautisha.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mwanamke anayeweza kushika mimba. Mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Usipojifunga vizuri mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao huhitaji upasuaji, kazi ambayo hospitali ya Kijabe imejijengea jina kwayo. Jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1991, lilionyesha kwamba asidi ya foliki ikinywewa kabla ya mimba huzuia takribani asilimia 72 ya marudio ya kasoro hiyo kwa mama aliyekwisha kumzaa mtoto mwenye nayo. Njahi, chakula kinachoheshimika Ukikuyu kwa mama aliyejifungua, kina foleti; ila kikija baada ya uzazi, kwa mrija huo kimechelewa miezi minane. Kidonge cha kliniki ya wajawazito, chenye miligramu 60 za chuma na 0.4 za asidi ya foliki, nacho mara nyingi humkuta mama akiwa amepita siku ya 28. Mama aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo huandikiwa kipimo kikubwa zaidi, miligramu 4 au 5 kwa siku, kabla hajabeba mimba nyingine, na haulizwi kwanza majibu ya MTHFR.

Hata kipimo hicho kikubwa kina mahali pake. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba miligramu 5 za asidi ya foliki kwa siku zilidhoofisha dawa ya malaria ya sulfadoksini na pirimethamini kwa wajawazito, ilhali 0.4 hazikuidhoofisha. Vimelea vya malaria navyo hutafuta foleti. Katika baridi ya Chaka jambo hili halisumbui sana. Kwa binti wa Chaka aliyeolewa Kisumu au Kwale linasumbua.

Vitamini B12 ndiyo iliyochunguzwa vizuri zaidi katika ukanda wa Mlima Kenya, na uchunguzi wenyewe haukuanza na jeni. Kati ya 1998 na 2000 Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifuatilia wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule 12 za Embu. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama, la pili githeri na glasi ya maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chakula shuleni. Mwanzoni zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na B12 ya chini. Kati ya virutubisho vilivyopimwa katika damu, B12 peke yake ndiyo iliyopanda waziwazi, nayo ilipanda kwa waliokula nyama na waliokunywa maziwa. Waliokula nyama waliwashinda wenzao pia katika mtihani wa kufikiri wa Raven. Zipo jeni kadhaa zinazogusa kiwango cha B12, na mojawapo, FUT2, hukipandisha au kukishusha kidogo. Kumpima FUT2 mtoto ambaye hajaonja maziwa wiki nzima ni kupoteza pesa.

Jeni huingia hapa kwa mlango mwingine. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya ambacho kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utoto. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya watu 470 kutoka Kenya, Tanzania na Sudan, wakaonyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe yanayokiweka kimeng'enya hicho hai utu uzimani. Mabadiliko hayo ni mengine kabisa, tofauti na lile la Wazungu. Kifaa kilichotengenezwa kulitafuta lile la Ulaya pekee kingemwambia mfugaji wa Laikipia kwamba maziwa hayamfai, naye ameyanywa maisha yake yote. Asiye na badiliko lolote kati ya hayo anaweza kujaa gesi au kuharisha akinywa glasi nzima. Maziwa ya mala humsumbua kidogo zaidi kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Katika eneo lililo jirani na kiwanda cha maziwa cha Kiganjo, hii ndiyo jeni yenye manufaa ya kila siku.

Karoti za Kieni zina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kimeng'enya cha jeni BCO1. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, walionyesha mwaka 2009 kwamba wanawake wenye mabadiliko mawili ya jeni hiyo kwa pamoja walikuwa na ugeuzaji uliopungua kwa asilimia 69. Mayai, maini na maziwa huleta vitamini A iliyo tayari, na karoti iliyopikwa kwa mafuta hufyonzwa vizuri kuliko iliyotafunwa kavu. Kwa mtu mwenye mabadiliko hayo, ushauri hauendi mbali zaidi ya hapo.

Vitamini D inahitaji subira zaidi. Chaka iko chini ya nusu digrii kusini ya ikweta na jua linatosha, ingawa asubuhi za Julai huwafunika watu majaketi hadi kidevuni. Miongoni mwa Wamasai na Wahadza wa Tanzania wastani uliochapishwa mwaka 2012 ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho miji mingi ya Ulaya haikifikii. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani walitangaza kwamba Wamarekani weusi wana kiasi kidogo cha protini inayobeba vitamini D, na kwamba sababu ni jeni. Maabara nyingine zilirudia kwa njia tofauti za kupima, na upungufu ule ukatoweka. Kipimo cha kwanza kilikuwa hakiitambui vizuri aina ya protini hiyo iliyo ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Tofauti ilikuwa ya kifaa, ikaandikwa kama ya damu.

Yapo mabadiliko ambayo sahani peke yake haiyamudu. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ulioenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kwa sababu humpa mtu kinga dhidi ya malaria, unaweza kufanya chembe nyekundu za damu zipasuke mtu akitiwa vitamini C nyingi kwa dripu. Wapo pia watoto waliorithi jeni mbovu ya TTPA kwa wazazi wote wawili. Ini lao haliwezi kurudisha vitamini E katika damu, na miaka ikienda huanza kupepesuka wakitembea. Ugonjwa huo ulieleweka zaidi kupitia familia za Tunisia na jirani zake, na vitamini E nyingi kila siku huuzuia usiendelee ukitambuliwa mapema. Upungufu wa biotinidase nao hutulizwa na biotini ya maisha yote, na nchi nyingi huutafuta kwa tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga. Magonjwa ya namna hii huongezeka pale ndugu wanapooana, jambo ambalo mila ya Wagikuyu ya kutooana ndani ya mbari imelizuia kwa sehemu kubwa bila kuijua jenetikia. Mtoto anayepepesuka, au familia iliyozika watoto wawili kwa dalili zilezile, inahitaji daktari na kipimo cha jeni bila kuzungushwa kwa ushauri wa lishe.

Kipimo hicho kikisomwa, mara nyingi kitakuja na mistari ambayo maabara imeiandika kuwa maana yake haijajulikana. Sababu iko wazi. Mradi wa H3Africa uliposoma jeni za watu 426 wa makundi 50 ya lugha barani Afrika, ulitangaza mwaka 2020 kwamba ulikuta mabadiliko zaidi ya milioni tatu ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Mstari wa namna hiyo si ugonjwa na hauhitaji kidonge. Karatasi ihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki, na baada ya miaka michache maabara iombwe kuisoma upya.