Biva wamerudi Uingereza, sasa mkulima alipwe

Machi 2025, kwenye ziwa dogo la Studland huko Dorset, biva wanne waliachiwa huru, wa kwanza kuachiwa mwituni kwa leseni katika Uingereza yenyewe, ukiacha Uskoti, tangu wanyama hao walipomalizwa na wawindaji karne kadhaa zilizopita. Picha zao zilifika kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa London, na wenzangu wakacheka siku nzima. Wazungu wamebishana miaka na miaka, ripoti juu ya ripoti, kisa panya mkubwa mwenye mkia bapa anayekula magome ya miti. "Waje Bunda walale na tembo," aliandika mmoja.

Mimi natoka huko huko Bunda. Mahindi yakikaribia kukomaa mdogo wangu huhamia shambani na tochi na debe la kupiga, na kuna mwaka tembo walimaliza ekari mbili kwa usiku mmoja. Alijaza fomu ya kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoliwa na wanyamapori, akapigwa tarehe mpaka akachoka kufuatilia. Nilipomtumia zile picha za Dorset hakuuliza mnyama gani huyu. Aliuliza, "Kaka, akiingia shambani mwenye shamba anaruhusiwa kumpiga risasi?"

Ndilo swali lenyewe, na katika makala nyingi za hapa za kuwashangilia biva halipewi nafasi.

Niseme mapema kwamba mimi nawataka. Biva ni mnyama wa jamii ya panya, mzito kufikia kilo 25 au zaidi, anayekula majani, matawi na magome na asiyegusa samaki. Waliwindwa kwa ajili ya manyoya, nyama na mafuta ya tezi zao yaliyotumika kwenye dawa na manukato, hata mwanzoni mwa karne ya 20 wakawa wamebaki kama 1,200 tu Ulaya na Asia yote. Leo wamepita milioni moja, kwa sababu nchi moja baada ya nyingine iliwalinda na kuwarudisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anakuja na lake, meno ya rangi ya chungwa yaliyokomazwa na madini ya chuma, na kazi anaanza usiku ule ule. Anaangusha mti, anakokota matawi, anakandika tope, anaziba kijito mpaka maji yapande na kufunika mlango wa nyumba yake ili adui asiingie. Ukuta wake unavuja, na faida iko hapo hapo: mvua kubwa ikinyesha maji yanashikwa na kuachiwa polepole, na kiangazi kikifika kijito bado kinatiririka. Tope lililosombwa mashambani pamoja na mbolea yake linatuama nyuma ya ukuta. Vyura na kerengende hawachelewi kufuata.

Huko Brdy, katika Jamhuri ya Czech, maofisa walikuwa na mradi wa kurudisha unyevu kwenye eneo lililokaushwa na mifereji ya jeshi. Mradi ulikwama kwenye vibali tangu 2018. Mwanzoni mwa 2025 ikatangazwa kwamba biva wamejenga kuta penyewe hasa palipohitajika, na serikali ikaokoa koruna milioni 30. Hawakuomba kibali.

Mimi naendesha basi magharibi mwa London, na Greenford, jirani na maduka makubwa, kuna mahali panaitwa Paradise Fields, zamani uwanja wa gofu. Oktoba 2023 familia ya biva watano ililetwa pale ndani ya uzio, tumaini likiwa kwamba mabwawa yao yatapunguza mafuriko yanayosumbua mtaa ule, kituo cha treni kikiwamo. Wazazi hupeleka watoto jioni kuchungulia. Nami nimeenda, nikaona vishina vilivyochongoka na maji yaliyotulia, biva mwenyewe sikumwona, na bado nilirudi nimefurahi. Mjini biva hamtii mtu hasara. Hakuna anayelima karoti Greenford.

Sasa panda kaskazini hadi bonde la mto Tay, Uskoti. Biva wa huko hawakuja kwa leseni. Walitoroka kwa wafugaji au waliachiwa kinyemela, wakaongezeka kabla serikali haijaamua la kufanya, wakati wenzao waliotoka Norway walikuwa wakifanyiwa majaribio rasmi huko Knapdale tangu 2009. Na bonde la Tay si pori. Ni ardhi tambarare ya viazi, karoti na shayiri, miongoni mwa ardhi bora za Uskoti, iliyokaushwa kwa mabomba yaliyofukiwa chini na kumwaga maji kwenye mitaro. Biva akiziba mtaro, maji yanarudi nyuma ndani ya mabomba na mazao yanaoza ardhini. Akichimba shimo lake kwenye tuta la kuzuia mafuriko, tuta linalegea. Mei 2019 serikali ya Uskoti iliwapa biva ulinzi wa sheria, na papo hapo ikatoa vibali vya kuwaua pale walipoharibu mashamba. Hadi mwaka ule unaisha biva 87 walikuwa wameuawa kihalali. Wapenda wanyama waliwaka, wakulima wakasema hawakuachiwa njia nyingine, na miaka miwili baadaye serikali ikageuza mkazo: wakamatwe, wahamishiwe mito mingine. Wale wa Greenford walitoka Uskoti.

Kwa hiyo swali la mdogo wangu lina jibu: ndiyo, Uskoti waliruhusiwa, na waliruhusiwa kwa sababu msaada mwingine ulichelewa. Bomba la kupitisha maji katikati ya ukuta wa biva ili bwawa lisipande kupita kiasi, wavu wa waya kuzunguka shina la mtufaha, kuacha ukanda wa mita chache kando ya mto bila kulimwa: hivi vyote vinajulikana na vinafanya kazi mahali pengi. Lakini mtu wa kuja kulifunga bomba, na fedha ya ule ukanda usiolimwa, hivyo lazima viwepo kabla karoti hazijaoza.

Ushahidi ninaouamini kuliko mwingine umetoka Devon, kwenye mto Otter. Biva walionekana pale wakiwa na watoto, serikali ikataka kuwaondoa, wenyeji wakakataa, na mwaka 2015 ukaruhusiwa uchunguzi wa miaka mitano chini ya shirika la Devon Wildlife Trust, utafiti ukifanywa na Chuo Kikuu cha Exeter. Hadi 2020 zilikuwapo familia 15. Juu ya kijiji cha East Budleigh mabwawa yao yalipunguza nguvu ya mafuriko yanayoshukia nyumba. Watafiti wakahitimisha kwamba faida ni kubwa kuliko hasara, kisha wakaongeza jambo ambalo magazeti mengi yaliliruka: wanaopata faida si lazima wawe ndio wanaobeba hasara. Mwenye nyumba chini analala pakavu. Mwenye shamba juu amepoteza kona ya malisho yake, na hakuna aliyemgongea mlango kumwambia ahsante.

Bavaria, Ujerumani, walianza kuwarudisha biva 1966 na sasa wana zaidi ya 20,000. Huko kuna mamia ya washauri wa biva waliofunzwa, wengi wao wa kujitolea, na mkulima anajua ampigie nani. Tangu 2008 serikali ya jimbo ina mfuko wa kufidia hasara za mashamba, misitu na mabwawa ya samaki. Na pale inaposhindikana kabisa, biva hukamatwa na wengine huuawa kwa kibali. Najua sentensi hiyo inawaudhi baadhi ya majirani zangu wa Ealing, lakini mnyama anayestahimiliwa kwenye mito yote ya jimbo ni bora kuliko mnyama mtakatifu aliyezungushiwa uzio.

Na wale wa kundi letu walioandika tuwapeleke Ruaha ili mto uache kukauka, tafadhali. Mwaka 1946 Argentina iliwaleta biva 20 kutoka Kanada hadi Tierra del Fuego, kwa nia ya biashara ya manyoya. Leo ni makumi ya maelfu, wamevuka hadi Chile, na misitu mingi ya huko imekufa kwa sababu miti yake haichipui ikikatwa kama inavyochipua mierebi ya Ulaya. Kumrudisha mnyama kwao ni kitu kimoja, kumleta mahali asipopajua ni kitu kingine kabisa.

Serikali ya Uingereza inawataka wanaoomba leseni ya kuwaachia biva waonyeshe mpango wa miaka 10. Ni mwanzo mzuri, ila mipango ya namna hii mingi inasimama juu ya michango ya wafadhili, na mfadhili hupenda siku ya kufungua sanduku kuliko siku ya kuzibua mtaro. Mimi ningewatoza wanaonufaika: kampuni za maji zinazopokea maji safi zaidi, kampuni za bima zinazolipa nyumba chache zaidi zilizofurika, na hazina ya taifa kwa kinachobaki. Fedha hiyo imlipe mkulima kwa kila ekari anayoiachia maji, ndani ya msimu ule ule, bila kumfanya athibitishe kila karoti. Biva jike huzaa watoto wawili hadi wanne kwa mwaka. Kufikia 2035 wajukuu wa hao wa Studland watakuwa kwenye mito isiyotajwa katika leseni yoyote, na waziri atakayepokea malalamiko huenda hajaingia bungeni bado. Fungu hilo liwekwe kwenye bajeti sasa, likiwa na jina lake.