Aliyebandika Ajue na Kubandua

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama Mwembe Tayari, hapa Mombasa, nikingoja gari la kwenda Likoni. Mbele yangu pakasimama matatu kuukuu, na juu ya kioo chake cha nyuma palikuwa na maandishi ya kubandikwa ambayo zamani, bila shaka, yalipendeza. Sasa jua lilikuwa limeyala. Rangi yake ya dhahabu imekuwa kama makuti makavu, pembe zimejikunja, na baadhi ya herufi zimekwisha kuanguka. Ilinichukua kitambo kufahamu kuwa nilichokuwa nikikisoma ni Bismillahi iliyobaki nusu. Utingo akashuka, akaegemea pale pale, na kipande kingine kikadondoka kwenye maji machafu ya mtaro. Gari likaondoka, na watu wakapita juu yake.

Ndugu msomaji, sisemi haya kumlaumu utingo yule. Nayasema kwa sababu mimi mwenyewe nimepata kutenda kosa hilo hilo, tena langu lilikuwa baya zaidi.

Nilikuwa na pikapu ya kubebea bidhaa. Nilipoinunua nilibandika Ayatul Kursiyyu upande wa nyuma, nikitaraji kinga ya Mola na kuepushwa na jicho la hasidi. Miaka ikapita; nikaizoea, nisiitazame tena. Siku nilipotaka kuiuza pikapu ile, niliipeleka gereji nikamwambia kijana wa rangi ayatoe yale maandishi. Akachukua kisu, akaanza kukwangua.

"Mwanangu, pole pole," nikamwambia, "hayo ni maneno ya Mwenyezi Mungu."

Akanitazama kwa mshangao. "Mzee, kama ni maneno ya Mungu, mbona umeyaacha mpaka yakawa hivi?"

Sikuwa na jibu. Mabaki yalifagiwa pamoja na vumbi la msasa na matambara ya grisi, nami kwa haya nikanyamaza. Rangi ya gari nayo ilichubuka, lakini hiyo haikuniuma kama lile swali.

Tangu siku hiyo nina neno moja ambalo leo nataka kulitoa: mtu anayebandika jina la Mungu kwenye gari amejitwika kazi mbili, ya kulibandika na ya kulibandua. Wengi wetu tunaifanya ya kwanza kwa furaha, na ya pili tunaliachia jua.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Ukipita Mji wa Kale, au ukifika Lamu na Unguja, utaona milango iliyochongwa aya na dua juu ya kizingiti. Maneno yale yaliwekwa juu ya vichwa vya watu, yakachongwa kwenye mti mgumu ili yadumu na nyumba. Sisi tumeyashusha hadi karibu na bampa, kwenye matope, na tumeyaandika kwa kitu ambacho asili yake hakidumu.

Na hebu tukijue kitu chenyewe. Stika hizi ni plastiki aina ya vinili. Kiwandani hutiwa kilainisho ili iweze kulala vizuri juu ya mapindo ya bodi. Jua na joto hukitoa kilainisho hicho kidogo kidogo, plastiki ikasinyaa, ikakauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Gundi iliyo chini nayo hugeuka ngumu. Ndiyo maana stika changa hutoka kipande kizima, lakini iliyozeeka hutoka vipande vidogo vidogo kama kucha. Tena iko aibu nyingine. Rangi ya gari iliyofunikwa haipaukiwi na jua, ile ya pembeni hupauka. Ukichelewa mno, hata ukiitoa stika yote, maneno husomeka bado kama kivuli. Kwa hiyo kila mwaka unaochelewa unaiongeza kazi.

Kazi yenyewe haihitaji mabavu. Kwanza osha mahali pale kwa maji na sabuni, maana mchanga ukibaki utakwaruza rangi. Kisha pasha joto: mashine ya kukaushia nywele yatosha, au maji ya moto yasiyochemka, au hata kuliacha gari juani saa za adhuhuri. Joto hulainisha plastiki na gundi. Inua pembe moja kwa ukucha au kipande cha plastiki ngumu, kisha vuta taratibu, ukiikunja stika ijirudie yenyewe badala ya kuivuta kwenda juu. Ikikatika, pasha tena. Gundi inayosalia ipake mafuta ya taa kidogo kwa kitambaa, mbali na moto, ngoja ilainike, futa, kisha osha kwa sabuni. Kivuli kikibaki, polishi ya gari hukipunguza. Usitumie kisu juu ya rangi, wala thina, kwani thina huila rangi yenyewe. Wembe ni wa kioo tu, na hata hapo uangalie: kioo cha nyuma chenye nyuzi za kupasha joto hakitaki wembe.

Mabaki je? Yasidondoke chini. Tandika karatasi au kitambaa kabla ya kuanza, uyakusanye yote. Kuhusu Misahafu iliyochakaa, wanavyuoni wametaja kuzika mahali pasafi pasipokanyagwa, na kuchoma, imepokewa kwamba Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) aliamuru kurasa nyinginezo zichomwe alipowakusanya Waislamu juu ya nakala moja. Lakini vinili si karatasi. Ikichomwa hutoa moshi wenye asidi unaodhuru mapafu, na ikizikwa haiozi upesi. Kwa maoni yangu, lililo jema ni kuzikata herufi mbali mbali hadi pasisomeke neno, ndipo zizikwe mahali pasafi. Mwenye shaka amuulize imamu wake. Msikiti hauko mbali.

Najua wako watakaosema kwamba nia ndiyo muhimu, na kwamba dereva maskini, mwenye kukimbizana na tajiri wake kila jioni, hana wakati wa mambo haya. Nawajibu kwamba kazi hii ni ya saa moja, na kwamba nia njema ya siku ya kubandika haimfuati utingo kwenda kuokota kipande mtaroni. Wako pia watakaosema tusibandike kabisa. Hao siwapingi sana. Lakini naona atakaye kubandika na abandike ndani, juu, penye kivuli, mahali ambapo matope hayafiki na jua haliunguzi; tena aitazame kila Ramadhani inapokaribia, kama anavyotazama nyumba yake na kupaka chokaa.

Zaidi ya yote, tusiuze gari wala kulipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu likiwa na maneno hayo. Ukishapokea fedha huna amri tena juu yake. Hujui litalala wapi, wala nani ataweka mguu juu ya mlango ule uliong'olewa.

Kijana yule wa gereji hakuwa Mwislamu, kama nilivyokuja kujua baadaye. Aliuliza tu alichokiona. Mwenzetu asiye wa dini yetu huisoma heshima yetu kwa macho yake, na alichokiona kwenye gari langu siku ile kilinifedhehesha. Leo alasiri, ukirudi nyumbani, lizunguke gari lako mara moja utazame.