Neno la Mhariri: Kalamu Ibaki Mikononi mwa Wanafunzi

Jumuiya ya wanafunzi inayochambua sera za umma, yaani maamuzi na mipango ambayo serikali huiweka ili kugawa rasilimali na kutatua matatizo ya wananchi, hupata nguvu yake na udhaifu wake kutoka chanzo kimoja. Wanachama wake hukaa chuoni miaka mitatu au minne, hawajafungwa na ajira wala cheo, na kwa sababu hiyo huweza kuuliza maswali ambayo wenye ofisi huyakwepa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo huondoka pale tu wanapoanza kuielewa kazi, na uzoefu wao huondoka nao. Bodi ya ushauri, ambayo ni kundi dogo la wahadhiri, watumishi wastaafu wa umma, wanasheria, wanahabari na wahitimu wanaokubali kuielekeza jumuiya bila kuwa na mamlaka ya kuiamuru, huundwa ili kuziba pengo hilo. Hoja inayotangulia makala za toleo hili ni kwamba bodi ya namna hiyo ina kipimo kimoja cha kweli, nacho ni uwezo wake wa kuimarisha hoja za wanafunzi huku kalamu ikibaki mikononi mwao.

Ni vyema kwanza kutenganisha vyombo ambavyo mara nyingi huchanganywa. Mlezi, ambaye kwa kawaida ni mhadhiri, huisemea jumuiya mbele ya uongozi wa chuo na huwajibika kwa mwenendo wake. Bodi ya wadhamini hushika mali kwa niaba ya wanachama na hubeba dhima ya kisheria. Bodi ya ushauri haishiki mali, haitii saini mikataba, wala haipigi kura katika kamati ya utendaji. Mamlaka yake yote yamo katika ubora wa inachokisema, na mwanafunzi ana haki ya kuusikiliza ushauri wake kisha akauacha, mradi aeleze sababu.

Historia ya chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, inaonyesha kwa nini ushauri wa aina hii una uzito. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka wahitimu kutumikia miaka miwili na, kwa sehemu kubwa ya muda huo, kupokea asilimia 40 tu ya mshahara. Walifika Ikulu wakiwa na mabango na tamko la kukataa, Rais Nyerere akawajibu papo hapo kwa ukali, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Yalikuwepo maswali halali ya kuuliza kuhusu mzigo wa ujenzi wa taifa na namna ya kuugawa baina ya wasomi na wakulima waliowasomesha, lakini mjadala huo ulifungwa kabla haujafunguliwa.

Mwaka uliofuata, Azimio la Arusha likiwa limekwisha kutangazwa, kilizaliwa chuoni hapo chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, na ambacho kiliendesha madarasa ya Jumapili na, kuanzia Novemba 1969, kikatoa jarida la Cheche, lililopigwa chapa kwenye stensili na kurudufiwa kwa mashine. Chama hicho hakikuwa na bodi rasmi ya ushauri, lakini kilikuwa na wahadhiri waliofanya kazi ya ushauri, wa kwanza wao akiwa mwanahistoria Walter Rodney. Mwaka 1970 Cheche lilitoa toleo maalumu lenye andiko refu la kijana wa sheria, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya ndani ya Tanzania ya Ujamaa. Rodney, mhadhiri mwenzake John Saul na mchumi wa Hungaria Tamás Szentes waliandika maoni yao juu ya andiko hilo kwa majina yao wenyewe, wakiongeza hapa na kupinga pale, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikayachapa maandiko hayo yote katika kitabu kimoja. Huo ni mfano bora wa mshauri: mwenye elimu zaidi alibishana na kijana hadharani, kama msomi na msomi mwenzake, na msomaji akaachiwa kupima.

Mfano huo una upande wa pili usiofaa kufichwa. Novemba 1970 chama na jarida lake vilipigwa marufuku, moja ya hoja zilizotolewa ikiwa kwamba Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulitosha chuoni. Wanafunzi wakaendelea na jarida jipya, MajiMaji, chini ya Umoja huo. Washauri hawawezi kuikinga jumuiya dhidi ya dola, na bodi inayoahidi kinga ya namna hiyo huwahadaa vijana. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba kazi iliyofanywa ni imara kiasi cha kuendelea kusomwa hata baada ya jina la jumuiya kufutwa.

Namna uimara huo unavyojengwa huonekana vizuri zaidi pembeni mwa rasimu. Mathalani, wanafunzi wanaandaa muhtasari wa sera, yaani andiko fupi linaloeleza tatizo, kupima njia mbadala na kupendekeza hatua, kuhusu marejesho ya mikopo ya elimu ya juu, na rasimu yao inaitaka serikali ipunguze makato ya wahitimu. Mshauri makini hataiandika upya. Atauliza ni makato yapi, yamewekwa na nani, na nani ana uwezo wa kuyabadilisha. Wanafunzi watakaporudi kutafuta watagundua kwamba makato ya asilimia 15 ya mshahara yaliingizwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, hivyo mlango wa kugonga ni wa Bunge na si wa menejimenti ya Bodi ya Mikopo, na kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, hivyo aya nzima iliyoilalamikia imepitwa na wakati. Kisha mshauri atauliza andiko litatoka lini, kwa kuwa mwaka wa fedha wa Tanzania huanza Julai 1 na Bunge la bajeti huketi Dodoma kuanzia Aprili, na pendekezo linalokamilika Juni, hata likiwa zuri kiasi gani, huwakuta wabunge wakijiandaa kupiga kura. Maswali manne au matano ya namna hiyo humfunza mwanafunzi zaidi jinsi serikali inavyofanya kazi kuliko mihadhara mingi, na majibu yanabaki kuwa yake.

Hatari kubwa ya bodi za ushauri imo katika uteuzi wake. Jumuiya nyingi huchagua majina makubwa ili yapambe barua zao, na wenye majina hayo hawapati nafasi ya kusoma hata rasimu moja kwa mwaka. Nyingine humkaribisha mwanasiasa au mfadhili, kisha taratibu mada zinazomgusa zikaanza kuahirishwa bila mtu yeyote kutoa amri, kwa sababu vijana wanaotafuta barua ya mapendekezo au ajira hujifunza haraka kisichopaswa kuulizwa. Adabu kwa wakubwa ni jambo jema katika jamii, lakini mshauri anayeipenda jumuiya huanza yeye kuwaruhusu vijana wampinge, la sivyo adabu hiyo hugeuka kuwa ukimya.

Jarida hili linapendekeza basi kwamba katiba ya kila jumuiya iweke ukomo wa miaka miwili kwa mshauri, unaoweza kurudiwa mara moja. Imtake kila mshauri atangaze maslahi aliyonayo katika mada inayojadiliwa. Itenge nafasi kwa wahitimu wa jumuiya wanaokumbuka yaliyojaribiwa na kushindwa. Iagize maoni ya bodi yaandikwe na kuhifadhiwa ili kizazi kijacho cha wanafunzi kiyasome. Na itamke wazi kwamba hakuna andiko linalohitaji kibali cha bodi ili litolewe. Jumuiya itakayokubali masharti haya itapata washauri wachache, lakini watakuwa wale wanaosoma, na nchi inayohitaji vijana wanaojua kuhoji bajeti, sheria na takwimu haina sababu ya kuridhika na wengine.