Mbio za Sakafuni

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, vijana zaidi ya mia tatu kutoka vyuo vikuu vya Marekani hukusanyika Indianapolis ili timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya kule, ziwapime kabla ya kuchagua wachezaji wapya. Hupimwa urefu, uzito, urefu wa mikono na namna wanavyoruka. Lakini kipimo kinachosubiriwa kwa hamu ni mbio za yadi 40, yaani mita 36.6 hivi, ndani ya uwanja wenye paa. Wahenga wetu walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sijui kama walikuwa wanaiona Indianapolis.

Ubishi wangu unahusu nafasi moja, ile ya sefti. Huyu ndiye mlinzi wa mwisho. Husimama yadi kumi hadi kumi na tano nyuma ya mstari, na mshambuliaji akishampita, nyuma yake hakuna mtu tena. Kwa hiyo sisemi kwamba kobe anaweza kuicheza nafasi hiyo. Nasema saa ya Indianapolis haipimi mbio anazozihitaji sefti.

Tazama jinsi mtihani wenyewe unavyofanyika. Kijana huinama, akaweka mkono chini kama mkimbiaji wa mita 100. Ni lini sefti alianza kucheza akiwa ameinama hivyo? Yeye huanza wima, mara nyingi akirudi kinyumenyume, macho yakiwa kwa kwotabeki, mrusha pasi wa wapinzani. Kisha, na hapa ndipo penye kasoro kubwa, saa haianzi kwa mlio wa bastola. Huanza pale kijana mwenyewe anapojitikisa. Maana yake ni kwamba muda wa kuona, kutambua na kuamua umeondolewa kabisa kwenye hesabu. Wamemwondolea sefti kazi yake, wakapima miguu iliyobaki!

Matokeo yake tumeyaona. Kyle Hamilton wa Chuo Kikuu cha Notre Dame alikuwa akitajwa miongoni mwa vijana bora kabisa wa mwaka wake. Mwaka 2022 alikimbia kwa sekunde 4.59, na minong'ono ikaanza: mrefu mno, mzito, hana kasi. Akateremka hadi nafasi ya 14, Baltimore Ravens wakamwokota. Kufikia msimu wa 2023 alikuwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima. Je, alipata miguu mipya? Hasha. Septemba 2021, dhidi ya Florida State, alikuwa ameanza upande wa pili wa uwanja, akausoma mpira, akaukata uwanja na kuunasa karibu kabisa na mstari wa pembeni. Picha hizo zilikuwapo miezi sita kabla ya saa ya Indianapolis kumhukumu.

Na kinyume chake kipo. Taylor Mays wa USC, kijana wa kilo zaidi ya mia, alikimbia kwa sekunde 4.43 mwaka 2010. Watu walishika vichwa. Lakini Pete Carroll, kocha aliyemfundisha chuoni kwa miaka minne na sasa alikuwa Seattle, alipofikiwa na zamu ya 14 alimpita mwanafunzi wake, akamchukua Earl Thomas wa Texas, mfupi zaidi, aliyekuwa amenasa pasi 8 za wapinzani katika msimu mmoja. Mays alisubiri hadi nafasi ya 49, na hakuwahi kuwa nyota. Kweli, Thomas naye hakuwa mzito wa miguu. Ila Carroll alikuwa amemwona Mays akicheza kila wiki, naye hakuhitaji saa ya mtu.

Wanaotetea saa husema sehemu moja ya kumi ya sekunde ni karibu mita nzima, na mita nzima ndiyo tofauti ya kugusa mpira na kugusa hewa. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini sefti aliyedanganywa na macho ya kwotabeki, akapiga hatua mbili upande usio wake, amepoteza hizo mita mbili na bado hajaanza kurudi.

Hoja yao nyingine naiheshimu zaidi: kijana wa chuo kidogo, anayecheza na wapinzani dhaifu, huonekana mwepesi kwenye picha, na saa humtendea sawa na wa chuo kikubwa. Basi saa iwe mlango wa kuingilia, isiwe ngazi ya kuwapanga. Mwaka 2019 sefti Zedrick Woods alikimbia kwa 4.29, akawashinda wote waliopimwa mwaka huo, na katika raundi zote saba hakuna timu iliyomchagua. Timu zenyewe, basi, zinajua kwamba miguu peke yake haitoshi. Mbona kwa Hamilton zilijisahaulisha?

Hili si jambo la sifa tu. Tangu 2011 mshahara wa mchezaji mpya hufuata namba aliyochaguliwa, kwa hiyo kila nafasi anayoteremka ni fedha zinazomtoka mfukoni, na katika nafasi za juu ni mamilioni ya dola.

Dawa yake haina gharama. Chukua picha za michezo ya chuoni. Anzisha saa pale mkono wa kwotabeki unapoanza kurusha, isimamishe sefti anapoufikia mpira, kisha pima umbali aliokwenda. Rudia kwa pasi ishirini, thelathini. Anzeni na ile ya Florida State, halafu mtuonyeshe ni nani kati ya wale wa sekunde 4.4 angefika.