Kuoanisha Mitambo si Kubonyeza Kitufe Tu

Kijana anunuapo leo mtambo wa kuongozea ndege ya mfano kwa redio, huambiwa maneno machache: bonyeza kitufe cha kipokezi unapokiwasha, washa kipelekaji, ngoja taa iache kumweka, kazi imekwisha. Na kwa hakika taa huacha kumweka, usukani hutii, ndege hupaa. Maoni yangu ni kwamba wepesi huo, ingawa ni neema, umetunyang'anya somo moja bora la fizikia, na mara nyingine huwatia watu hatarini. Yafaa walimu wa sayansi walirudishe somo hilo darasani.

Tuanze na swali lenyewe. Hewani mna mawimbi tele: ya matangazo, ya simu, ya polisi, na ya rubani mwingine aliyesimama hatua kumi kutoka kwako. Kipokezi kilicho ndani ya ndege kitajuaje amri ipi imekusudiwa kwacho? Swali hili lina umri sawa na ufundi wenyewe. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi. Mwaka 1937 ndugu wawili Wamarekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao ya mfano iliyoitwa Guff, mojawapo ya ndege za kwanza za namna hiyo kuongozwa kwa redio. Vipokezi vya miaka hiyo havikuwa hodari wa kuchagua, hivyo aghalabu ndege moja tu ndiyo iliyoweza kuruka uwanjani kwa wakati mmoja.

Dawa ilipatikana katika fuwele, yaani kipande chembamba cha jiwe kilichokatwa kwa unene maalumu ili kitikisike kwa masafa yasiyobadilika. Mtu alinunua fuwele mbili, moja ya kipelekaji na moja ya kipokezi, zote zimeandikwa namba moja. Wengi walidhani kwamba fuwele hizo ni pacha. Sivyo. Tuchukue mfano wa megahezi 35.100, masafa yaliyo katika mkanda uliotengewa ndege za mfano katika Uingereza. Fuwele ya kipelekaji huleta masafa hayo hayo. Fuwele ya kipokezi, katika vipokezi vingi vya aina hiyo, huleta megahezi 34.645. Toa ya pili katika ya kwanza, utapata 0.455, yaani kilohezi 455. Kipokezi huchanganya wimbi litokalo hewani na wimbi la fuwele yake, kisha hupitisha tofauti yao katika chujio lililotengenezwa kwa kilohezi 455. Jirani aliye kilohezi 10 pembeni, na hiyo ndiyo nafasi iliyoachwa huko kati ya namba na namba, huleta tofauti ya 445 au 465, na chujio humkataa.

Hesabu hii ndogo ina mengi ya kumfunza mwanafunzi. Je, fuwele mbili zikiwa sawasawa kabisa? Tofauti ni sifuri, na kipokezi huwa kiziwi. Je, zikibadilishana mahali? Kwa hesabu ya kutoa peke yake tofauti hubaki ile ile, lakini kipelekaji sasa kinapeleka 34.645, nje ya mkanda ulioruhusiwa, katika masafa ya watu wengine. Je, wimbi la 34.190 likija hewani? Nalo limeachana na fuwele ya kipokezi kwa kilohezi 455, hivyo laweza kupita kwa jina la wenzake. Ndiyo sababu mafundi walitengeneza vipokezi vinavyochanganya mara mbili, kwanza kwa megahezi 10.7, kisha kwa kilohezi 455.

Hata hivyo fuwele haikuweza kuwazuia watu wawili wenye namba moja. Vyama vingi vya warushaji viliweka ubao wa vibanio: hukuwasha kipelekaji chako mpaka umechukua kibanio chenye namba yako. Aliyepuuza ubao huo aliweza kuiangusha ndege ya mwenziwe. Kuoana kwa mitambo kulitegemea pia adabu ya watu.

Katikati ya miaka ya 2000 ikaja mitambo ya gigahezi 2.4, na fuwele na vibanio vikaanza kuwekwa kando. Hapa kuoanisha kuna maana nyingine. Kipelekaji hukipa kipokezi kitambulisho chake, na kipokezi hukihifadhi. Tangu hapo hupuuza amri isiyobeba kitambulisho hicho. Katika mitambo mingi wawili hao pia hurukaruka pamoja kutoka masafa hadi masafa kwa mpangilio wanaoujua wenyewe. Wazo hilo ni la kale kuliko tunavyodhani. Mwaka 1942 mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya Marekani kwa njia ya kuongoza topido kwa masafa yanayobadilika, wakitumia karatasi zenye matundu kama zile za piano inayojipiga, na masafa 88, idadi ya vibonye vya piano.

Wako watakaosema: kama mashine yafanya yote haya yenyewe, rubani ana haja gani ya kujua? Jibu langu ni la usalama kwanza. Ndege ya kilo 2 iendayo mita 20 kwa sekunde ina nishati ya jouli 400, sawa na jiwe la kilo 2 lililodondoshwa kutoka urefu wa mita 20 hivi. Mawimbi yakipotea, kipokezi hufuata mpango wa dharura, na katika baadhi ya mitambo mpango huo hurekodiwa katika dakika ile ile ya kuoanisha, kwa kufuata jinsi vijiti vilivyokaa. Aliyeoanisha huku kijiti cha mwendo kiko juu ameiamuru ndege yake, bila kujua, iende kwa nguvu zote siku itakapokosa mwongozo. Kwa hiyo kuoanisha kufanywe kijiti kikiwa chini na rafadha ikiwa imefunguliwa. Kisha kipelekaji kizimwe makusudi ndege ikiwa imeshikwa chini, ili ionekane kama mota inasimama. Asiyejua kitufe kinafanya nini hawezi kujua la kupima.

Jibu la pili ni la fedha. Watengenezaji wengi wana itifaki zao, na mitambo miwili ya gigahezi 2.4 yaweza kuwa karibu na isisikilizane kamwe. Shule inayoanzisha chama cha ndege za mfano iulize kwanza kipokezi kinaoana na nini, ndipo iulize bei. Kwa maoni yangu ni heri kuchagua itifaki iliyo wazi, kama ExpressLRS, ambayo vipokezi vyake hutengenezwa na zaidi ya kampuni moja. Hali kadhalika waulizwe wenye mamlaka ya mawasiliano na ya usafiri wa anga, kwani ruhusa hutofautiana nchi kwa nchi.

Hata shule isiyo na ndege yaweza kulifundisha somo hili. Zitafutwe redio mbili za kale za mkanda wa kati, zile zenye mshale. Ya kwanza ielekezwe kilohezi 900. Ndani yake mna wimbi la kilohezi 1355 hivi, kwani redio nyingi za aina hiyo nazo hutumia 455. Ya pili iwekwe karibu sana, ielekezwe kwenye kituo dhaifu kilicho jirani na 1355, kisha mshale wa ya kwanza usogezwe polepole. Mlio wa filimbi utasikika katika ya pili. Wanafunzi watakuwa wameisikia kwa masikio yao hesabu waliyoiandika ubaoni.

Tangu mwaka 2016 ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali za Rwanda. Kazi za namna hiyo zitawahitaji vijana wanaoelewa kilicho nyuma ya kitufe, na mahali pa kuwaandaa ni maabara ya shule.